Mbaraka au Salum: nani mkali wa Morogoro? Ubishi wa zaidi ya miaka 50

Kaa kijiweni Mkuyuni, pale watu wanaposubiri gari la kwenda mjini kupitia Bigwa, halafu mtaje Salum Abdallah mbele ya wazee. Haitapita muda atatajwa Mbaraka Mwinshehe. Hapo usitegemee kuondoka mapema.

Vijana wana Messi na Ronaldo. Wazee wa Uluguru wana hawa wawili: mmoja wa Cuban Marimba, mwingine wa Morogoro Jazz. Nani alikuwa mwanamuziki mkali kuliko wote waliotokea mji huu?

Shida ya ubishi huu ni moja, na wabishi wengi huiruka. Hawa wawili karibu hawakukutana uwanjani. Ukifuatilia maisha ya Mbaraka utaona kwa nini.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa 27 Juni 1944. Mwaka huohuo ndio unaotajwa kuwa wa kuanzishwa kwa Morogoro Jazz, bendi ambayo baadaye ingemtoa. Jina la Mwinshehe halihitaji maelezo kwa mtu wa huku.

Morogoro aliyokulia Mbaraka ulikuwa mji wa reli na njia panda, umezungukwa na mashamba ya mkonge. Kulikuwa na watu wenye mshahara mdogo lakini wa uhakika, na wikiendi walitaka kucheza. Ndiyo maana mji ambao haukuwa mkubwa uliweza kulisha bendi mbili kubwa kwa wakati mmoja.

Mbaraka akiwa na miaka minne tu, yaani 1948, Salum Abdallah Yazidu alianzisha kundi aliloliita La Paloma, maana yake njiwa kwa Kihispania. Salum, mzaliwa wa Morogoro wa mwaka 1928, alikuwa amechanganyikiwa na santuri za Kikuba, zile za G.V. zilizokuwa zikiuzwa Afrika nzima. Inasimuliwa kwamba aliwahi kutoroka nyumbani akitaka kwenda Cuba kabisa. Akaishia Mombasa. La Paloma ndiyo iliyokuja kuwa Cuban Marimba, na kuanzia miaka ya 1950 sauti ya Salum ikawa ndiyo sauti ya Morogoro redioni.

Kwa hiyo Mbaraka alikua akimsikia Salum. Hata bendi iliyotajwa kuwa ya mwanzo kwake, Cuban Branch Jazz, ilikuwa imebeba jina la Cuba. Kisha katikati ya miaka ya 1960 akaingia Morogoro Jazz.

Halafu mwaka 1965 Salum akafa kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 37. Mbaraka alikuwa kijana wa miaka 21 hivi, bado anajitafuta.

Hebu weka hapo hesabu zako. Mtu anayekwambia alimwona Mbaraka akimfunika Salum jukwaani anakuongezea chumvi. Ushindani mkali uliofuata, ule wa Morogoro Jazz na Cuban Marimba uliougawa mji, Mbaraka aliupiga dhidi ya Juma Kilaza, aliyeishika Cuban Marimba baada ya Salum. Kilaza ndiye aliyekuwa mpinzani halisi. Ajabu ni kwamba kijiweni jina lake hutajwa la tatu, kama litatajwa.

Sasa, Mbaraka alikuwa na nini? Alikuwa na gitaa la solo. Alikuwa pia mwimbaji na mtunzi, lakini gitaa ndilo lililompa jina la Soloist National, na kiukweli halikuwa jina la kujipamba tu.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo linabadilisha ubishi wote. Nyimbo nyingi za enzi za Salum zilitoka kwenye santuri nzito za mizunguko 78, upande mmoja ukiwa na dakika tatu hivi. Ndani ya dakika tatu unaimba, unapiga kidogo, unafunga. Enzi za Mbaraka zilikuwa za santuri ndogo za mizunguko 45, na bendi za Afrika Mashariki zikawa na mtindo wa kuukata wimbo mara mbili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili muziki unaendelea na magitaa yanaachiwa uwanja. Huo upande wa pili ndio uliomfanya mpiga solo kuwa mfalme. Mbaraka aliukuta uwanja mpana. Salum hakuupata.

Kwa hiyo ukiuliza gitaa, jibu ni Mbaraka, na hakuna haja ya kupandishiana sauti. Ukiuliza nani alifungua njia, nani aliyeufanya mji wa mkonge usikike kama Havana huku unaimba Kiswahili, huyo ni Salum. Wanaosema Salum alikuwa mwigaji wa Wakuba tu hawajaisikiliza Ngoma Iko Huku vizuri.

Turudi kwa Mbaraka. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Kwa bendi ya mkoani ile ilikuwa safari ya maajabu, na waliporudi ukatoka wimbo wa Expo 70.

Alikuwa pia na sikio la habari. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi 1971 na mkulima Said Mwamwindi, wakati wa mivutano ya mashamba ya ujamaa, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Wengi wa kizazi kile habari ile waliibeba kichwani kupitia wimbo huo kuliko kupitia gazeti.

Mwaka 1973 ndio uliowaumiza mashabiki. Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz, akaanzisha Super Volcano. Ukitaka kuelewa uamuzi ule, kumbuka bendi nyingi za jazz za zama zile zilivyokuwa: klabu yenye wanachama, vyombo mali ya klabu, mwanamuziki analipwa kama mfanyakazi. Unaweza kuwa nyota wa nchi nzima na gitaa unalopiga si lako. Mbaraka alikuwa na miaka 29. Morogoro Jazz haikurudi tena kwenye kilele kile.

Na Super Volcano ilibidi iangalie Kenya. Tanzania hakukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Radio Tanzania ilirekodi bendi na kuzipiga hewani, umaarufu ukaja, lakini santuri ya kuuza ilitengenezwa Nairobi. Ndiyo maana kazi nyingi za Mbaraka unazozikuta leo YouTube, zikiwemo za mfululizo wa Ukumbusho, zilitoka Kenya kwa lebo ya Polydor. Wimbo wa Pesa No. 1 unasikika tofauti kidogo ukilijua hilo.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka ungefunguliwa tena 1983. Kwa mwanamuziki ambaye soko lake liko upande wa pili, hilo lilikuwa pigo. Lakini Mbaraka aliendelea kuonekana Kenya, na Wakenya walimpenda kama wa kwao. Wako Wakenya ambao hadi leo hushtuka kuambiwa alikuwa Mtanzania.

Huko ndiko alikofia. Januari 1979, Kisauni, Mombasa, gari lilipata ajali. Alikuwa na miaka 34. Mji uleule ambao Salum aliishia alipokuwa anaitafuta Cuba, na kifo cha namna ileile, barabarani.

Shida ndio wimbo wake uliobaki mdomoni mwa watu zaidi ya zote, hata kwa waliozaliwa miaka 20 baada yake. Mtaa wa Saba unaufuata kwa karibu.

Kama nawe unataka kuingia kwenye ubishi wa Mkuyuni, tafuta kwanza Ngoma Iko Huku, kisha Shida bila kuikata inapofika magitaa. Na kabla hujapiga kura, msikilize na Kilaza.