Johannes Rebmann na Theluji ya Kilimanjaro

Katika mwezi wa Juni mtoto wa Hanga huamka asubuhi akitetemeka kwa baridi, na siku hiyohiyo mtoto wa Lindi, huko pwani, huona joto. Nazo Hanga na Lindi ziko karibu sawa kwa umbali wake toka mstari wa ikweta. Kwa nini basi hali ya hewa isiwe moja? Zamani hata wenye elimu kubwa walikosea katika jambo hili, wakamdharau mtu aliyesema kweli. Mtu huyo ni Johannes Rebmann.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, Ujerumani. Alijifunza kazi ya Injili huko Basel, Uswisi, kisha Uingereza, akatumwa Afrika na chama cha wamisionari cha CMS. Mwaka 1846 alifika Mombasa kwa mwenzake Johann Ludwig Krapf, nao wakajenga nyumba yao Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya mji ule.

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann alishika njia kwenda Uchaga. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, mtu aliyezijua sana njia za bara. Rebmann mwenyewe hakushika silaha, ila mwavuli wake. Walipita nyika kavu yenye miiba na maji haba. Hata tarehe 11 Mei, Rebmann akaona mbele yake mlima mkubwa, na juu ya kilele chake kitu cheupe mfano wa wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye hakuwa na jina la kitu kile ila kusema ni baridi. Rebmann alikuwa amekulia katika nchi ya theluji, mara akafahamu. Tena Wachaga walimweleza kwamba weupe ule ukiletwa chini hugeuka kuwa maji.

Sasa tuangalie sababu yake. Kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi. Kwa kila mita 1,000 joto hupungua kadiri ya digrii 6. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895, kwa hiyo maji huganda huko, ijapokuwa ikweta i karibu. Tena pepo zivumazo toka Bahari ya Hindi huchukua unyevu wa bahari. Zikifika mlimani hupanda, hupoa, na unyevu ule huwa mawingu na mvua. Ndiyo sababu chini ya mlima ni nyika, juu yake ni mashamba ya migomba, kisha msitu mzito wenye miti mirefu na kuvumwani. Juu ya msitu ni vichaka na majani, halafu mawe matupu, mwisho barafu. Kwetu Songea miti ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kwa kuwa mvua hukatika miezi mingi. Bali msitu ule wa mlimani hupata unyevu karibu mwaka mzima, nao haukauki.

Habari za Rebmann zilipigwa chapa Uingereza mwaka 1849. Palikuwa na mwanachuoni wa London, William Desborough Cooley, aliyeandika mengi juu ya bara la Afrika, lakini mlima ule hakuuona kamwe. Yeye alikana kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, akasema macho ya Rebmann yamemdanganya. Wengi walimsadiki Cooley. Rebmann hakuyageuza maneno yake, wala hakuiacha kazi yake.

Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, wakaupima mlima. Mwaka 1862 alirudi na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Hivyo neno la Rebmann likathibitika.

Rebmann alikaa Afrika miaka 29. Mkewe alifariki mwaka 1866, naye akaendelea peke yake, akikusanya maneno ya lugha za watu, hata kamusi ya Kinyasa, iliyopigwa chapa mwaka 1877. Polepole macho yake yakaingia giza. Aliporudishwa Ulaya mwaka 1875 alikuwa kipofu, na tarehe 4 Oktoba 1876 akafariki huko Korntal.

Barafu aliyoiona imepungua sana. Toka mwaka 1912 zaidi ya nne ya tano imekwisha. Nasi tusingaliweza kujua upungufu huo kama watu wasingaliandika kwa uaminifu yale waliyoyaona. Basi, mwanafunzi, uangaliapo mawingu, pepo na miti ya nchi yako, andika ulichokiona, wala usiongeze, wala usipunguze kwa kuogopa wakubwa.