Matt Talbot: Je, Kuacha Pombe Kulitosha Kumfanya Mtu Bora?



Katika parokia zetu, tukitaka kumsifu mtu kwa haraka, mara nyingi tunasema: hanywi, havuti, hajihusishi na bangi. Wazazi wanaomtafutia binti yao mchumba huuliza hayo kwanza. Hata seminarini, kijana asiyegusa pombe huhesabiwa kuwa ametulia. Na aliyezoea kulewa tunamweka upande wa pili, upande wa waliopotea.

Basi tuulize kwa unyofu: mtu akiacha pombe, sigara na dawa za kulevya, amekuwa bora? Au ameacha tu vitu vitatu, na moyo wake umebaki vilevile? Tunaweza kujifunza mengi katika maisha ya kibarua mmoja wa Dublin, nchini Ireland, ambaye leo anajulikana na waamini wa nchi nyingi, hasa wale wanaopambana na ulevi. Jina lake ni Matt Talbot.

Kijana wa mitaa ya maskini

Matt Talbot alizaliwa Dublin tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya watoto kumi na wawili wa Charles na Elizabeth Talbot. Familia ilikuwa maskini na ilihamahama kutoka nyumba moja ya kupanga hadi nyingine. Shule aliipata kidogo sana. Alipofika umri wa miaka kumi na miwili hivi aliacha masomo akaingia kazini kwa wafanyabiashara wa vinywaji, waliojaza bia katika chupa.

Hapo ndipo mtego ulipomnasa. Watoto wa kazi walizoea kumalizia bia iliyobaki katika chupa, na Matt hakuwa tofauti nao. Baadaye alihamia bandarini, katika maghala yaliyohifadhi wiski, akahitimu kutoka bia hadi pombe kali. Alipofikisha miaka kumi na sita alikuwa mlevi wa kila siku. Baadaye akawa kibarua wa ujenzi, saidia fundi wa kubeba matofali na udongo. Alikuwa mchapakazi hodari, lakini mshahara wake wote uliishia baa. Fedha zikiisha aliweka rehani viatu vyake akarudi nyumbani pekupeku. Siku moja yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla maskini wa mitaani chombo chake cha kazi, wakakiuza wapate cha kunywa. Wizi huo ulimkaa moyoni maisha yake yote.

Hata hivyo, inasimuliwa kwamba katika miaka hiyo hakuacha kwenda Misa ya Dominika, ingawa alikaa muda mrefu bila kupokea sakramenti. Imani ilikuwepo, ila ilikuwa imelala chini ya pombe.

Jumamosi ya mwaka 1884

Mwaka 1884, Matt akiwa na miaka ishirini na minane, ilitokea juma moja hakufanya kazi, kwa hiyo Jumamosi hakuwa na mshahara. Alisimama nje ya baa akiwangoja rafiki zake wanaotoka kupokea malipo. Alikuwa amewanunulia mara nyingi, akaamini kwamba na wao watamnunulia. Walipita mmoja mmoja. Wengine walimsalimia, lakini hakuna aliyemkaribisha ndani.

Aliumia sana, akageuka akaenda nyumbani. Mama yake alishangaa kumwona amerudi mapema tena bila kulewa. Matt alimweleza kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama, aliyemfahamu mwanawe, alimwonya asiahidi kama hana nia ya kuishika ahadi hiyo, kisha akamtakia msaada wa Mungu.

Ni vizuri waseminari wajue alikwenda wapi. Alikwenda seminarini, katika Chuo cha Msalaba Mtakatifu, Clonliffe. Huko alipata padre, akaungama, akaweka ahadi ya kutokunywa kwa miezi mitatu. Hakuthubutu kuahidi zaidi. Kesho yake alfajiri alipokea Komunyo Takatifu. Miezi mitatu ilipokwisha aliongeza sita, na mwishowe akaahidi kwa maisha yake yote. Hakunywa tena kwa miaka arobaini na mmoja, hadi kifo chake.

Nyumba tupu haikai tupu

Kama hadithi ingeishia hapo, tungekuwa na mtu aliyeacha pombe, na hilo peke yake ni jambo kubwa. Lakini tazama hali yake katika ile miezi mitatu ya kwanza. Alitetemeka, alikosa raha, na jioni hakujua aende wapi, kwa sababu rafiki zake wote walikuwa baa. Inasimuliwa kwamba alimwambia mama yake kuwa muda ukiisha atarudia kunywa. Wakati ule alikuwa hanywi, lakini hakuwa bado mtu mpya. Kiu ilikuwa imefungiwa tu mlango.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 12, Bwana wetu anasimulia habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu. Anaporudi anaikuta nyumba imefagiliwa na kupambwa, lakini haina mwenyeji. Anawachukua wenzake saba walio wabaya kuliko yeye, wanaingia, na hali ya mwisho ya mtu yule inakuwa mbaya kuliko ya kwanza. Kuacha pombe ni kufagia nyumba. Swali linalobaki ni nani atakayekaa ndani.

Matt alijifunza hilo kwa shida. Siku moja aliingia baa, fedha ikiwa mfukoni. Wahudumu walikuwa na kazi nyingi, hakuna aliyemjali, akatoka bila kunywa. Tangu siku hiyo aliamua kutotembea na fedha. Saa za jioni alizozoea kuzimalizia baa akazipeleka kanisani. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alihudhuria Misa ya saa kumi na moja alfajiri. Mwaka 1890 alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Na yeye ambaye hakuwa na elimu alianza kusoma polepole vitabu vya watakatifu, hata vile vigumu, akiwauliza mapadre alipokwama.

Sigara nayo ilikuwepo. Alikuwa mvutaji mkubwa wa kiko, na baada ya kuacha pombe aliacha tumbaku pia, jambo ambalo alikiri lilimgharimu sana. Alikuwa pia na ulimi mchafu. Ili kujizuia kutukana alichoma pini mbili kwenye mkono wa koti lake kwa umbo la msalaba, ili macho yake yakiziona akumbuke.

Kulipa deni

Alama ya kwanza kwamba Matt anabadilika kweli haikuwa chupa aliyoiacha. Ilikuwa madeni aliyoyalipa. Alizunguka katika baa alizokuwa akikopa, akalipa moja baada ya nyingine. Kisha akaanza kumtafuta yule mpiga fidla. Alimtafuta kwa muda mrefu mitaani na katika nyumba za kutunzia maskini, asimpate. Mwishowe alitoa fedha za kumwombea katika Misa.

Hapa tunaona tofauti kati ya kujinyima na kuongoka. Anayejinyima anajiangalia mwenyewe: siku ngapi sijanywa, jinsi gani nimekuwa safi. Anayeongoka anamkumbuka aliyemuumiza. Mtu anaweza kukaa miaka ishirini bila tone la pombe, huku hajawahi kumwomba msamaha mke aliyempiga wala kurudisha shamba aliloliuza kwa ajili ya gongo.

Matt hakuoa. Alimtunza mama yake nyumbani kwake hadi alipofariki mwaka 1915. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika ghala la mbao. Chakula chake kilikuwa kidogo, alilala juu ya ubao, na kipande cha mti kilikuwa mto wake. Alichookoa katika mshahara aliwapa majirani na wafanyakazi wenzake wenye watoto, na pia wamisionari waliotumwa China. Mwaka 1913, wakati wa mgogoro mkubwa kati ya wafanyakazi na waajiri wa Dublin, alitoka kazini pamoja na wenzake. Inasimuliwa kwamba kwanza alikataa posho ya chama kwa kuwa hakuona ameifanyia kazi, na baadaye alipoipokea aliomba igawiwe wenzake wenye familia.

Na kuhusu walevi? Hakuwahubiria kwa ukali wala hakuwacheka. Alijua kwamba kwa nguvu za mtu peke yake, kuacha ulevi ni kama kumfufua maiti. Kwa hiyo aliyefaulu alimshukuru Mungu, na aliyeanguka alimhurumia.

Padre, basi kutokunywa si kitu?

Msomaji mmoja anaweza kuuliza: kama ni hivyo, kwa nini tuhangaike kuacha? Tunywe tu, tuwe na upendo. Hapana. Matt asingeweza kulipa madeni huku akikopa mengine baa. Asingeamka alfajiri kwenda Misa akiwa na pombe ya jana kichwani. Kwa mtu aliyekwisha kutekwa, kuacha kabisa ndiyo njia ya kupata tena uhuru, na bila uhuru hakuna upendo. Kanisa linafundisha fadhila ya kiasi, na linahesabu matumizi ya dawa za kulevya kuwa kosa zito, isipokuwa kwa sababu za tiba tu. Maskini wanaokunywa ada ya shule ya watoto hawahitaji kuambiwa kwamba pombe ni jambo dogo.

Lakini kutokunywa hakumfanyi mtu awe juu ya mwenzake. Yohane Mbatizaji hakunywa divai, wakasema ana pepo. Bwana wetu alikula na kunywa, wakamwita mlevi. Aligeuza maji kuwa divai Kana, na katika divai alituachia Damu yake. Na yule Farisayo aliyesimama hekaluni akihesabu mafungo yake alirudi nyumbani bila kuhesabiwa haki, tofauti na mtoza ushuru aliyejipiga kifua.

Kanisa lina shahidi mwingine anayetuzuia tusihukumu. Huyo ni Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, tabibu wa China. Alitumia afyuni kujitibu ugonjwa wa tumbo, akatekwa nayo. Aliungama tena na tena, hadi akanyimwa sakramenti kwa sababu hakuonyesha kuacha. Kwa miaka thelathini hivi aliendelea kwenda kanisani bila kupokea Komunyo. Hakufaulu kuivunja minyororo ya afyuni. Lakini mwaka 1900, Wakristo walipouawa, hakuikana imani, akaomba auawe wa mwisho ili hata mmoja wa jamaa yake asife akiwa peke yake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2000.

Matt aliacha akawa huru. Marko alipigana hadi kufa bila kuona ushindi huo. Wote wawili walimshika Mungu yuleyule. Basi kipimo cha mtu hakiko katika chupa peke yake, bali katika kile anachokipenda na anachokipigania.

Kifo barabarani

Tarehe 7 Juni 1925, Dominika ya Utatu Mtakatifu, Matt alikuwa njiani kwenda kanisa la Wadominikani. Moyo wake ulikuwa umedhoofika. Alianguka katika kichochoro kiitwacho Granby Lane akafa hapohapo, miongoni mwa watu wasiomfahamu. Hospitalini, walipomvua nguo, walikuta minyororo mwilini mwake, alama ya kujiweka wakfu kwa Yesu kwa njia ya Maria. Jambo hilo lilimfanya ajulikane haraka. Lakini tusikae sana kwenye minyororo. Toba ya namna hiyo haimfai kila mtu, wala mtu asiijaribu bila mwongozo wa padre. Mnyororo wa maana zaidi ni ule wa mwaka 1884, ambao hakuna daktari aliyeuona.

Mwaka 1972 mabaki yake yalihamishiwa katika kanisa la Mama Yetu wa Lurdi, Dublin. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alithibitisha kwamba aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa. Bado hajatangazwa mwenyeheri, lakini walevi na jamaa zao wanamwomba awaombee.

Sisi tufanye nini?

Ewe mseminari usiyekunywa, mshukuru Mungu, kisha ujiulize ule muda na ile fedha uliyookoa vimekwenda wapi. Kama havijamfikia maskini wala havijafika mbele ya Tabernakulo, nyumba yako imefagiliwa lakini bado ni tupu. Siku moja mtu kama Matt atabisha hodi kwako Jumamosi jioni, akinuka pombe ya jana. Padre wa Clonliffe hakumfukuza, alimsikiliza na kumwekea ahadi ya miezi mitatu tu. Fikiri nini kingetokea kama angemwambia arudi Jumatatu.

Na wewe mwamini unayepambana na pombe, sigara au dawa, usingoje uwe na nguvu za maisha yote. Anza na siku tatu, au miezi mitatu. Nenda kwenye kitubio kabla aibu haijakugeuza njiani. Ukianguka, inuka ukarudi.

Na sisi sote tunaopita mbele ya baa tukiwatazama waliosimama nje, tukumbuke kwamba mmoja wao huenda anangoja mtu wa kumwita kwa jina na kumsindikiza nyumbani.

Ee Mungu, uliyemwinua mtumishi wako Matt Talbot kutoka utumwa wa ulevi, uwape uhuru wote waliotekwa, utujalie sisi tusiotekwa moyo usiohukumu, na utujaze Roho wako ili nyumba zetu zisikae tupu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.