Mezger, mtoto wa muuza nyama aliyeingiza masaji katika uganga

Hapa kwetu Kamina, mama akishinda anatwanga muhogo, usiku vidole vinakufa ganzi, na anaita jirani amukande mukono. Kazi hiyo ya kukanda ilipata heshima kwa banganga wa Ulaya kupitia mutu mmoja: Johann Georg Mezger, aliyezaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1838.

Baba yake alikuwa muuza nyama, naye alimusaidia kazi. Kisha akafundisha mazoezi ya mwili. Banganga wengi walidharau masaji, basi akaenda kusoma uganga Leiden. Mwaka 1868 akawa daktari, na teze yake ilikuwa juu ya kukanda mguu ulioteguka.

Alitibia watu ndani ya Amstel Hotel. Wakubwa wa Ulaya walifika, hata Elisabeth, bibi ya mfalme wa Austria. Mezger aliandika kidogo sana. Banganga waliokuja kumuangalia ndio walieneza kazi yake. Alikufa mwaka 1909.

Leo, mshipa wa fahamu ukibanwa ku kifundo cha mukono, masaji inaweza kupunguza maumivu. Lakini ganzi ikiendelea, ao kidole gumba kikikosa nguvu, mama, usingojee: nenda ku hopitali.