Ernst Ising: Kuteleza si Kuanguka

Kuteleza si kuanguka. Methali hii inamwafiki Ernst Ising, mwanafizikia Mjerumani ambaye jina lake limo katika maelfu ya makala za sayansi, ilhali yeye mwenyewe aliishi sehemu kubwa ya umri wake akiwa mwalimu tu.

Ising alizaliwa mjini Cologne tarehe 10 Mei 1900, katika familia ya Kiyahudi. Alipokuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Hamburg, msimamizi wake, Wilhelm Lenz, alimkabidhi swali: je, chembe zilizopangwa katika mstari mmoja, kila moja ikiathiriwa na jirani zake pekee, zaweza kuelekea upande mmoja na kuwa sumaku?

Swali hilo laweza kufafanuliwa kwa mfano wa wakulima wa chai wa Githongo, Meru, waliopiga foleni kupimiwa majani. Tuseme kila mmoja ama anautazama Mlima Kenya ama anaupa kisogo, akimfuata aliye mbele yake. Mmoja akigeuka, wote walio nyuma yake watageuka pia, wala hapana jirani mwingine wa kuwarekebisha. Katika tasnifu yake ya mwaka 1924, Ising alithibitisha jambo kama hilo: katika mstari mmoja, joto lolote, hata liwe dogo namna gani, latosha kuuvuruga mpango wote.

Hadi hapo hesabu yake ilikuwa sahihi. Aliteleza alipokisia kwamba hata katika umbo la pande tatu sumaku isingepatikana. Kumbe katika umati kila mtu ana jirani kila upande, nao humzuia asipotoke. Rudolf Peierls alilionyesha hilo kwa umbo bapa mwaka 1936, naye Lars Onsager akalikokotoa kikamilifu mwaka 1944.

Wakati huo Ising alikuwa mbali na mijadala hiyo. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimwondoa katika kazi ya ualimu. Akafundisha katika shule ya watoto wa Kiyahudi huko Caputh, nayo ikavamiwa na kuharibiwa Novemba 1938. Mwaka uliofuata alikimbilia Luxembourg, ambako majeshi ya Ujerumani yalimfuata mwaka 1940. Alinusurika, lakini alilazimishwa kufanya kazi ya kung'oa reli. Mwaka 1947 alihamia Marekani pamoja na familia yake, na kuanzia 1948 hadi 1976 alifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Bradley, Peoria. Ni huko Marekani alikong'amua kuwa tasnifu yake ya ujanani ilikuwa imempa umaarufu. Alifariki tarehe 11 Mei 1998, siku moja baada ya kutimiza miaka 98.

Siku hizi wataalamu huiga kwa tarakilishi minyororo ya sumaku inayotii kanuni za kwanta, wakifuatilia jinsi msukosuko wa chembe unavyosafiri kama wimbi. Mwaka 2010, Radu Coldea na wenzake waliipima misukosuko hiyo katika fuwele yenye kobalti na niobi, ambamo atomu zimejipanga mfano wa mnyororo wa Ising.

Wanaoandaa tasnifu wana la kujifunza kwake: hesabu sahihi ya jambo dogo hudumu, hata pale hitimisho lake pana linaposahihishwa na wengine.