Robert Koch na haraka ya kusema mgonjwa amepona

Je, umewahi kuchomwa sindano ndogo sana mkononi, chini ya kiwiko, kisha ukaambiwa urudi baada ya siku mbili au tatu? Uliporudi, muuguzi alipapasa mahali pale akapima uvimbe kwa rula. Baadhi yetu tulipimwa hivyo tulipohamia huku. Kipimo hicho ni cha kifua kikuu, na maji yale ya sindano yana historia ndefu. Leo msome aliyeyaanzisha.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, kwenye nyumba ya watoto 13. Alisomea udaktari, akapangiwa kazi katika mji mdogo. Mkewe, Emmy, alimzawadia hadubini. Kila alipomaliza kuhudumia wagonjwa, Koch aliinamia hadubini yake kutafuta vijidudu.

Siku hizo wengi waliamini kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa kurithi. Koch alibuni njia ya kutia rangi vipande vya mapafu na makohozi ili vijidudu vionekane. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, aliwaonyesha madaktari wenzake kijidudu chenyewe. Ndiyo maana kila mwaka tarehe hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa. Ilikuja kuitwa tuberkulini, na mwanzoni hakueleza imetengenezwa kwa nini. Alisema wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga walipona ndani ya wiki nne hadi sita. Fikiria furaha ya watu! Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi.

Lakini miezi haikupita mingi, habari ikageuka. Wapo waliodhaniwa wamepona, ugonjwa ukawarudia. Wengine walizidiwa, wakafa. Daktari mwenzake, Rudolf Virchow, alichunguza maiti zao akakuta ugonjwa umesambaa mwilini. Tuberkulini haikuwa tiba.

Kosa lilikuwa wapi? Koch aliwapima wagonjwa wake, lakini kwa muda mfupi mno. Kijidudu cha kifua kikuu hukua polepole na kinajua kujificha. Kikohozi kikipungua leo, si kwamba vijidudu vimekwisha.

Mwaka 1906 Koch alikwenda visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, kutibu ugonjwa wa malale. Alitumia dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki. Vimelea vilitoweka kwa muda, kisha vikarudi. Alipoongeza dozi, wapo waliopofuka. Mtu huyu alikuwa na Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka mmoja kabla, lakini waliolipa gharama ya haraka yake ni wagonjwa wa Sese. Hilo nalo tulikumbuke tunapomsifu.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910. Tuberkulini yake haikutupwa: iliboreshwa, ikawa kile kipimo cha mkononi, kinachoonyesha kama mwili umewahi kukutana na kijidudu.

Na ile kazi ya kupima mgonjwa kwa subira? Watu wa kwetu walishiriki kuikamilisha. Kuanzia mwaka 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio ya dawa mpya zilizochanganywa. Makohozi yao yalipimwa mara kwa mara, na hata baada ya kumaliza dawa waliendelea kufuatiliwa ili ijulikane nani ugonjwa umemrudia. Hivyo ikathibitika kwamba miezi 6 inaweza kutosha, badala ya miezi 18 iliyokuwa kawaida.

Kwa hiyo, shangazi au babu akitibiwa kifua kikuu, utaona anapimwa uzito, na makohozi yake yanachunguzwa baada ya miezi miwili, kisha tena karibu na mwisho. Wiki chache tu atajisikia mzima, atatamani kuacha vidonge. Hapo mkumbushe Koch. Akiacha, vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na dawa zisivisikie tena. Haraka haraka haina baraka.

Msamiati
Hadubini: chombo cha kuonea vitu vidogo sana.
Makohozi: ute unaotoka kifuani mtu anapokohoa.
Malale: ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.
Sugu: -siosikia dawa.

Zungumzeni nyumbani
Waulize wazazi au bibi: zamani kwenu, mtu mwenye kifua kikuu alitibiwaje, na alijuaje kwamba amepona? Andika sentensi tano, uje nazo Jumamosi.