Sewahaji: tajiri wa misafara aliyeacha jina lake wodini Muhimbili

Mgonjwa akipewa rufaa kutoka Temeke au Mwananyamala kwenda Muhimbili, kuna jina ndugu zake watalisikia tu: Sewahaji. Wanapigiana simu kuulizana kalazwa wapi, jibu linakuja fupi: yuko Sewahaji. Wengi wanadhani ni jina la jengo basi. Kumbe ni jina la mtu, tena mtu aliyefariki zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Aliitwa Sewa Haji Paroo. Alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya wafanyabiashara Wahindi, Makhoja wa Kiismailia wenye asili ya Kutch. Biashara yao ilikuwa Zanzibar na Bagamoyo.

Enzi hizo hakukuwa na reli wala lori. Mzigo wote wa kwenda bara ulipanda kichwani na mabegani kwa wapagazi, na safari ilikula miezi. Sewa Haji ndiye aliyekuwa akiwatafutia wenye misafara watu wa kubeba, pamoja na vitambaa, shanga na nyaya za kubadilishana njiani. Kutoka bara zikaja pembe za ndovu.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Bagamoyo akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone. Alihitaji wapagazi, akaelekezwa kwa kijana wa Kihindi wa miaka kama 20. Wakavutana sana kuhusu bei na hesabu. Baadaye Stanley akamwandika kitabuni kama mjanja mjanja wa kutisha. Huyo ndiye Sewa Haji, na kwa wasomaji wengi wa Ulaya hiyo ndiyo sura pekee waliyomjua nayo.

Ukweli ni kwamba pesa yake ilitoka kwenye mabega ya watu. Kazi ya upagazi ilikuwa ngumu mno. Ndui, kuhara damu na vidonda vya miguu viliwamaliza wengi, na aliyezidiwa njiani aliweza kuachwa msafara uendelee. Aliyefika pwani akiwa hoi hakuwa na pa kulala na kuuguzwa.

Alipokuwa mtu mzima na tajiri mkubwa, Sewa Haji alianza kutoa. Bagamoyo alitoa jengo la shule kwa serikali ya Wajerumani, ila akaweka sharti: watoto wa rangi zote wapokelewe. Kwa wakoloni wa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

Dar es Salaam akatoa fedha za hospitali. Ujenzi ulianza mwaka 1893 na hospitali ikakamilika mwaka 1897. Ilikuwa ya Waafrika na Waasia, ikasimama katikati ya mji, mbali na pale Muhimbili ilipo leo. Mwaka huo huo Wajerumani walikamilisha hospitali yao ya Ocean Road, ufukweni penye upepo mzuri, kwa ajili ya Wazungu. Kwa hiyo mji ulikuwa na milango miwili ya matibabu, na rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua mgonjwa apite upi. Bila fedha za Sewa Haji, walio wengi wangesubiri sana mlango wao.

Yeye mwenyewe hakuiona ikifanya kazi kwa muda mrefu. Alifariki mwaka huo huo wa 1897, akiwa na umri wa miaka 46 hivi. Hata kwenye wosia aliwakumbuka wagonjwa. Aliacha mali kwa ajili ya hospitali na watu wenye ukoma, wale ambao hata ndugu zao waliogopa kuwagusa.

Hospitali hiyo ilihudumia mji kwa karibu miaka 60, chini ya Wajerumani kisha Waingereza. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret. Baada ya uhuru jina hilo likaondoka, ikawa Muhimbili. La binti mfalme halikudumu. La mfanyabiashara wa Bagamoyo likabaki wodini, jirani na Mwaisela na Kibasila.

Leo mwanafunzi wa uuguzi anafundishwa mapema kabisa kwamba mgonjwa hapimwi kwa kabila, dini, rangi wala mfuko wake. Anapokelewa, anaitwa kwa jina lake, anasafishwa, anageuzwa kitandani, siri yake inatunzwa. Sewa Haji hakuwa muuguzi wala daktari, na hesabu za biashara yake zina maswali yake. Lakini alilipia kitanda cha mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemtengea kitanda.

Na kila jioni, saa ya kuona wagonjwa, watu kutoka Mbagala, Tandika, Manzese na Tandale wanashuka kwenye daladala na vyombo vya uji mkononi, wanauliza njia ya kwenda Sewahaji.