Mildbraed, Mjerumani aliyekausha mimea ya volkano za Kivu

Kata ya Ndosho, tarafa ya Karisimbi mjini Goma, imejengwa juu ya mawe ya volkano. Kabla ya nyumba hizo, Mjerumani Johannes Mildbraed alipita kwenye volkano za Virunga akikusanya mimea.

Mtaalamu huyo wa mimea, aliyezaliwa mwaka 1879, alikuja na msafara wa mwanamfalme Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mwaka 1907 na 1908. Kila tawi lilibanwa kati ya karatasi likauke, kisha likaandikwa mahali, tarehe na jina la aliyelikusanya. Wabebaji hawakuandikwa, ingawa baadhi ya wabebaji wa msafara huo walikufa kwa theluji na baridi kwenye mlima Karisimbi mwaka 1908.

Mimea ilipelekwa Berlin, katika hifadhi ya Dahlem, ambako Mildbraed alifanya kazi. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, wakati wa vita vya pili vya dunia, mabomu yaliangukia hifadhi hiyo. Karatasi nyingi kati ya milioni kadhaa ziliteketea. Kilichosaidia ni nakala zilizokuwa zimetumwa mapema katika hifadhi za nchi nyingine.

Mildbraed alifariki mwaka 1954. Mti mkubwa wa misitu ya Kongo, Mildbraediodendron, unabeba jina lake. Na kila tawi lililookoka bado ni ushahidi: linaonyesha nini kiliota kwenye milima hii zaidi ya miaka 100 iliyopita, kabla ya makaa na kabla ya mji.